Kushusha pikipiki ndefu kwa linki za nyuma: mwongozo kamili, kuanzia vipimo hadi stendi

Kushusha pikipiki ni kupunguza kimo chake kwa kufunga linki ndefu zaidi kwenye mfumo wa shokapu ya nyuma. Malalamiko yanayofuata kazi hii karibu yote ni matatu. Pikipiki imekuwa nzito kukata kona. Pikipiki inasimama wima mno kwenye stendi, ukiigusa tu inaangukia upande wa pili. Tairi la nyuma linakwaruza chini ya madigadi kila inapopita tuta ikiwa na abiria. Wenye malalamiko wote wamefanya jambo lilelile: wamefunga linki mbili mpya, wamenawa mikono, wameondoka.

Kufunga linki ni nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi. Nusu ya pili ni mbele, cheni, stendi na kuhakikisha tairi lina pa kwenda shokapu inapobonyea hadi mwisho. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, utairudia ukiwa umeshaharibu kitu.

## Kwanza: pikipiki yako inahusika?

Chungulia nyuma ya injini, chini ya siti. Ukiona shokapu moja ya kati, na chini yake kipande cha chuma cha pembetatu kilichounganishwa na vipande viwili virefu vyenye matundu kila mwisho, mwongozo huu ni wako. Vile vipande viwili ndivyo linki. Katika pikipiki nyingine, zikiwemo baadhi ya Honda za porini, linki ni kipande kimoja kipana, lakini kazi ni ileile.

Boxer, TVS HLX na ndugu zake zenye shokapu mbili za pembeni hazina linki. Hizo hushushwa kwa njia nyingine, na kwa kweli ni fupi tayari.

Mifano ya vipimo humu ninaitoa kwa Kawasaki KLR650 ya mwaka 2008 hadi 2018. Siti yake iko milimita 890 kutoka ardhini, na mtu wa kimo cha kawaida hugusa chini kwa ncha za vidole. Kama unayo Suzuki DR650SE, soma kitabu chake kabla ya kununua chochote: Suzuki waliiunda iweze kushushwa kutoka milimita 885 hadi 845 bila linki za nje.

Na kama unabeba abiria wawili au magunia kila siku, usishushe. Mzigo unakushushia tayari.

## Ushushe kiasi gani

Linki za kununua huuzwa kwa kiasi zinachoshusha: milimita 25, 40, 50. Hicho ni kipimo cha nyuma ya pikipiki. Linki yenyewe hurefuka kwa milimita chache tu, kwa sababu mkono wa nyuma (ule uma wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma) huzidisha tofauti hiyo inapofika kwenye ekseli.

Ushauri wangu ni 25, labda 30. Mtu aliyekuwa akigusa kwa vidole atagusa kwa nusu ya unyayo, na hicho kinatosha kabisa kwenye foleni. Ukienda 50, kila hatua iliyo hapa chini inakuwa ngumu mara mbili: stendi lazima ikatwe, mbele huenda kusiwe na nafasi ya kulingana na nyuma, na matuta ya mitaani yanaanza kupiga kinga ya injini. Anayehitaji 50 ni heri ashushe 25 kwa linki na zilizobaki apunguze sponji ya siti.

## Vifaa

Viweke vyote mezani kabla ya kufungua nati ya kwanza. Pikipiki ikiwa imening'inia bila linki, hupaswi kukimbia dukani.

- Linki mpya za modeli yako na mwaka wako. Modeli ileile ya mwaka mwingine inaweza kuwa na linki tofauti.
- Nati mpya zenye nailoni ndani, za saizi ya zile za zamani. Nailoni iliyokwisha kufunguliwa haikamati tena ipasavyo.
- Soketi na racheti, spana bapa za saizi hizohizo, alenki, na bomba la chuma la kurefusha mpini.
- Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Huna? Kodi kwa fundi wa magari kwa siku moja.
- Grisi ya beringi isiyooshwa na maji upesi, mafuta ya kulainisha kutu, mafuta ya taa na mswaki wa zamani.
- Futi ya chuma, kalamu isiyofutika, na rangi kidogo ya kucha au ya kuchorea.
- Kitu cha kubebea pikipiki kwenye FREMU (tutalizungumza), vipande vya mbao vya unene tofauti, na mikanda miwili ya kufungia mizigo.
- Nailoni mbili nyembamba za kufungia waya, na udongo wa kuchezea watoto. Si mzaha, utauhitaji.
- Mtu wa pili.

Kuhusu linki zenyewe: pitisha bolti ya zamani kwenye kila tundu. Ipite kwa kusukumwa na kidole, isicheze hata kidogo. Kisha weka linki mbili pamoja na kupitisha bolti mbili, moja kila mwisho. Zikipita zote mbili bila kulazimisha, linki zina urefu sawa. Zikigoma, zirudishe dukani. Linki zisizo sawa hupinda bolti na kula beringi za upande mmoja.

Kuna mafundi watakaokukatia linki kwenye bapa la chuma kwa bei ya chai. Ninaelewa kishawishi. Lakini uzito wote wa nyuma unabebwa na vipande hivi viwili, na tundu lililotobolewa kwa mkono halikai mahali pake wala halina mduara kamili. Likipanuka, unajua ukiwa kasi 80.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa

Simamisha pikipiki wima kwenye sakafu bapa, mtu wa pili akiishika. Pima na uandike:

Nyuma, kutoka katikati ya ekseli kwenda juu wima hadi alama uliyoichora kwenye fremu au ukingo wa madigadi. Mbele, kiasi cha bomba la shokapu kinachochomoza juu ya kikamatio cha juu (kile kinachoshika mabomba karibu na usukani), kulia na kushoto. Cheni, inacheza milimita ngapi katikati. Kisha ilaze kwenye stendi ya pembeni na upime kutoka ncha ya usukani wa kushoto hadi ardhini.

Halafu inua nyuma mpaka gurudumu lining'inie, upime tena ekseli hadi alama ileile. Kipimo hiki cha mwisho ndicho wengi hukisahau, na kwenye hatua ya 7 utakichukua upya.

Piga picha za linki kutoka pande zote mbili. Zionyeshe wazi bolti imeingia kutoka upande gani na kichwa chake kiko wapi.

## Hatua ya 2: Legeza nati pikipiki ikiwa chini

Nati za linki mara nyingi zina kutu na udongo wa miaka. Zinyunyizie mafuta ya kutu jioni, zilale. Asubuhi, magurudumu yote yakiwa ardhini na mtu akishika breki ya mbele, legeza kila nati robo mzunguko. Robo tu, usiifungue.

Sababu: nguvu unayohitaji kuvunja kutu inatosha kuangusha pikipiki iliyoinuliwa. KLR650 ina uzito wa karibu kilo 200. Haikusubiri.

Shika kichwa cha bolti kwa spana moja na uzungushe nati kwa nyingine. Ukizungusha bolti badala ya nati, unasaga bushi (mrija wa chuma ambamo bolti hupita) iliyomo ndani.

## Hatua ya 3: Inua kwa fremu, kamwe si kwa mkono wa nyuma

Hapa ndipo ajali hutokea, kwa hiyo soma mara mbili.

Stendi za gereji zinazoingia chini ya mkono wa nyuma hazifai kwa kazi hii. Zinainua gurudumu, ndiyo, lakini uzito wa pikipiki unaendelea kupita kwenye linki. Ukichomoa bolti ya mwisho, mkono wa nyuma unabaki juu ya stendi na pikipiki nzima inashuka juu ya vidole vyako.

Uzito lazima ubebwe na fremu. Zipo njia tatu zinazofanya kazi nyumbani. Ya kwanza ni stendi ya kati, kama pikipiki yako inayo na imefungwa kwenye fremu. Ya pili ni kreti imara la mbao au jeki chini ya kinga ya injini, pikipiki ikiwa imefungwa mikanda kulia na kushoto ili isilale. Hakikisha kinga ni ya chuma na imeshikwa na fremu. Ya plastiki itapasuka, na kubonyeza sampu (bakuli la mafuta chini ya injini) moja kwa moja ni kuomba ufa.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda: mikanda miwili ya mizigo kutoka kwenye boriti, au kwenye tawi nene la mwembe, hadi kwenye fremu karibu na vikanyagio. Ipitishe kwenye chuma cha fremu chenyewe. Keria ya nyuma imefungwa kwa bolti ndogo, haikuundwa kubeba pikipiki. Kwa njia hii chini kote kunabaki wazi na unafanya kazi bila kujipinda. Iache pia stendi ya pembeni ikiwa imetolewa, kama tahadhari.

Funga gurudumu la mbele lisitembee: weka matofali mbele na nyuma yake, na ukaze breki ya mbele kwa mpira.

Utajua umefaulu hivi: gurudumu la nyuma liko sentimita moja au mbili juu ya sakafu, na ukiisukuma pikipiki kwa kiganja kutoka upande wowote haiyumbi.

## Hatua ya 4: Ondoa uzito wa gurudumu, kisha chomoa bolti

Hata pikipiki ikiwa hewani, gurudumu na mkono wa nyuma vinavuta linki kwenda chini. Slaidisha kipande cha mbao chini ya tairi, ongeza vipande vyembamba, mpaka bolti ianze kuzunguka kwa vidole. Hapo uzito umekwisha.

Sasa fungua nati na usukume bolti. Isukume kwa kipande cha mbao au shaba. Nyundo ya chuma ikipiga mwisho wa bolti inapanua uzi wake na haitatoka tena. Bolti ikigoma nusu ya njia, usiilazimishe. Ongeza au punguza unene wa mbao chini ya tairi kwa milimita mbili tatu, ujaribu tena. Mara nyingi itateleza yenyewe.

Bolti moja huenda ikakutana na ekzosi au fremu kabla haijatoka yote. Inua gurudumu taratibu hadi ipate pa kupita. Ikishindikana kabisa, legeza ekzosi.

Toa linki zote mbili. Usijaribu kubadilisha moja huku nyingine ikiwa bado imefungwa, kwa sababu urefu ni tofauti na matundu hayatakutana.

## Hatua ya 5: Beringi, maadamu umefika

Hatua hii haihusu kushusha. Lakini sehemu hii ya pikipiki hufunguliwa mara chache mno, na pikipiki zetu huoshwa kwa maji ya presha yanayoingia moja kwa moja humo. Vumbi jekundu la barabara ya muramu likichanganyika na grisi ya zamani linakuwa msasa.

Sukuma bushi za chuma nje kwa kidole. Ndani kuna beringi za sindano. Fanya kazi juu ya trei au gazeti jeupe, kwa kuwa katika baadhi ya pikipiki sindano hazishikwi na kitu chochote isipokuwa grisi, zinadondoka moja moja. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa, angalia.

Sindano zinazong'aa, bushi isiyo na mistari unayoweza kuihisi kwa ukucha: paka grisi mpya, ijae kati ya sindano zote, rudisha. Sindano za kahawia, au bushi iliyochimbika: badilisha vyote viwili. Beringi hizi si lazima ziwe za kampuni ya pikipiki. Zina namba ubavuni, na kwa namba hiyo au kwa vipimo vitatu (kipenyo cha ndani, cha nje, upana) utazipata Kirinyaga Road ikiwa uko Nairobi, au Kariakoo ikiwa uko Dar es Salaam. Sili za mpira nazo, ikiwa midomo yake imekauka.

Safisha bolti pia. Sehemu laini isiyo na uzi ipake grisi nyembamba. Uzi wenyewe uache mkavu, maana grisi kwenye uzi hudanganya spana ya toki.

## Hatua ya 6: Funga linki mpya

Linki mpya huenda zina upande wa nje na wa ndani, au mshale wa juu. Kama zimepinda kidogo, angalia picha zako: mpindo unakwepa kitu, na kitu hicho hakijahama.

Ingiza bolti ya kwanza kwenye kipande cha pembetatu, linki zikiwa pande zote mbili, nati kwa mkono tu. Kwa kuwa linki mpya ni ndefu, mwisho wa pili hautakutana na tundu lake mpaka uinue gurudumu zaidi. Ongeza mbao. Bolti ya pili iingie kwa kidole. Ikidai nyundo, kitu hakiko sawa. Rudi nyuma utazame.

Vichwa vya bolti vikae upande uleule vilivyokuwa. Nati iliyochomoza upande usio wake inaweza kugusa cheni au ekzosi gurudumu linapopanda, na hilo halionekani pikipiki ikiwa imesimama.

Kaza kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Ukikikosa kabisa, kipimo cha kawaida cha bolti ya M10 (kipenyo cha milimita 10) yenye alama 8.8 kichwani ni karibu niutoni-mita 45 hadi 50. M12 ya alama hiyohiyo ni karibu 80. Hayo ni ya dharura tu. Kitabu kikisema tofauti, kitabu ndicho.

Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye linki. Kila ukiosha pikipiki utatupa jicho: mstari umekatika, nati imezunguka.

Sasa toa mbao, inua na ushushe gurudumu kwa mikono. Linatakiwa lisogee laini, bila kugota na bila mlio. Tikisa gurudumu juu na chini kwa nguvu huku mwenzako akishika linki kwa vidole. Asihisi mchezo.

## Hatua ya 7: Tairi lina pa kwenda?

Shokapu yako haijabadilika. Inabonyea umbali uleule kama zamani, lakini sasa gurudumu linaanzia juu zaidi. Kwa hiyo shokapu ikifika mwisho, tairi litakuwa limepanda milimita 25 juu ya pale lilipokuwa likiishia. Kama chini ya madigadi kulikuwa na nafasi ya milimita 20 tu, hesabu imekataa.

Kipime hivi. Bandika tonge la udongo wa kuchezea chini ya madigadi, mahali palipo karibu zaidi na tairi, na lingine penye waya au kishika namba. Lifanye nene, sentimita nne. Funga nailoni nyembamba kwenye fimbo ya shokapu, ikaze kiasi cha kuteleza kwa kusukumwa. Kama fimbo imefunikwa na mpira wa kuzuia mshtuko, angalia alama za vumbi badala yake. Kisha endesha polepole kwenye uwanja mtupu, abiria mzito nyuma, ukipita tuta moja mara kadhaa na kuongeza kasi kidogo kila mara.

Nailoni ikisukumwa hadi mwisho wa fimbo, shokapu imebonyea yote, na udongo uliominywa unakuonyesha nafasi iliyobaki. Chini ya milimita 10 ni hatari, maana tairi hupanuka kidogo kwa kasi na joto, na tope hujaza nafasi. Dawa ni kukata kingo za plastiki zisizobeba kitu, kuhamisha kishika namba, au kukaza springi. Ikishindikana, linki hizo ni ndefu mno kwa pikipiki hiyo.

Kukaza springi kunahitajika hata hivyo. Linki ndefu hubadilisha namna gurudumu linavyoisukuma shokapu, na kwa kawaida nyuma huhisi laini zaidi. Kaa kwenye siti na mavazi yako yote, mwenzako apime ekseli hadi alama. Toa kipimo hicho kwenye kipimo kipya cha gurudumu likining'inia (inua nyuma ukipime upya, kama hatua ya 1). Tofauti iwe karibu theluthi moja ya safari yote ya gurudumu, yaani umbali wote linaoweza kupanda na kushuka. KLR650 ya miaka hii ina safari ya nyuma ya milimita 185, kwa hiyo tunatafuta karibu 60. Ukipata 80, kaza. Ukipata 40, legeza.

Usikaze springi ili "kurudisha ugumu wa zamani" mpaka pikipiki inapanda tena. Wapo wanaofanya hivyo, kisha wanauliza linki zimewasaidia nini.

## Hatua ya 8: Mbele nako kushuke

Umbali kati ya ekseli mbili kwenye pikipiki hizi ni karibu mita moja na nusu. Kushusha nyuma milimita 25 peke yake kunailaza pikipiki nzima nyuma kwa karibu digrii moja. Inaonekana ndogo. Lakini digrii hiyo inailaza shingo ya usukani, uzito unahamia nyuma, na pikipiki inaanza kukataa kona: inakwenda moja kwa moja pale unapotaka igeuke. Taa nayo inamulika machoni mwa wanaokuja.

Tunarudisha usawa kwa kupandisha mabomba ya shokapu za mbele ndani ya vikamatio vyake viwili, kile cha juu na kile cha chini. Mabomba yakipanda, mbele inashuka.

Kabla ya kulegeza chochote, hesabu. Inua mbele mpaka gurudumu lining'inie. Pima kutoka juu ya tairi, au juu ya madigadi kama imefungwa chini karibu na tairi, hadi kitu kigumu cha kwanza kilicho juu yake. Toa safari ya shokapu za mbele, ambayo kwa KLR650 hii ni milimita 200. Ikiwa ulipima 240, unabaki na 40. Ukipandisha 25, unabaki na 15. Sawa. Ukipandisha 35 unabaki na 5, na siku utakayofunga breki ndani ya shimo, gurudumu litajifunga. Nadhani sihitaji kueleza kinachofuata.

Weka jeki chini ya injini ibebe uzito wa mbele. Chora alama kwenye mabomba kwa kalamu. Legeza vikamatio vya juu vyote viwili, kisha vya chini upande mmoja tu, na uzungushe bomba huku ukilisukuma juu milimita 5. Kaza kidogo, hamia upande wa pili. Endelea kwa zamu. Ukilegeza vyote vinne kwa pamoja huku mbele ikiwa na uzito, pikipiki itateremka ghafla kwenye mabomba yake na utatumia jioni nzima kuirudisha.

Kama shokapu za mbele ni zile zilizogeuzwa, bomba nene likiwa juu, angalia kama lina mahali linapobadilika unene. Kikamatio lazima kikae pale palipoundwa kwa ajili yake.

Maliza mabomba yakiwa sawa kabisa kulia na kushoto, kwa futi. Kaza vikamatio vya chini kwanza, halafu vya juu. Bolti za M8 hapa nyingi ni niutoni-mita 20 hadi 25. Zaidi ya hapo unaminya bomba na shokapu inaanza kukwama.

Geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Mabomba yasiguse tangi wala usukani, paipu ya breki isikazike, waya zisibanwe. Injini ikiwaka bila gia, rudia zoezi hilo. Mlio wa injini ukipanda unapogeuza usukani, kebo ya mafuta inavutwa.

## Hatua ya 9: Cheni

Cheni hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma na ekseli ya nyuma vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Pikipiki iliyoshushwa inasimama karibu zaidi na mstari huo, kwa hiyo namba ya zamani iliyo kwenye stika haikuambii tena ukweli.

Njia ya uhakika: watu wawili wakae mpaka vitu hivyo vitatu vilingane kwa macho, uguse cheni katikati. Ibaki ikicheza milimita 15 hadi 20. Wakishuka, pima inavyocheza pikipiki ikiwa tupu, andika namba hiyo ndani ya kifuniko cha betri. Ndiyo kipimo chako kipya.

## Hatua ya 10: Stendi

Ukishusha 25, baadhi ya stendi bado zinafaa kwenye sakafu bapa, lakini kwenye ardhi inayoinuka upande wa kushoto hazifai. Linganisha na kipimo cha usukani ulichoandika hatua ya 1.

Kujua kiasi cha kukata, laza pikipiki kwenye stendi na uweke mbao za unene sawa chini ya magurudumu yote mawili, ukiongeza mpaka usukani urudi kwenye umbali wake wa zamani kutoka pale stendi ilipokanyaga. Unene wa mbao, ongeza sehemu moja ya kumi kwa sababu stendi imelala, ndio wa kukata. Kata pungufu kuliko hesabu. Kurefusha ni kazi zaidi.

Ifungue stendi kabisa kabla ya kuchomelea. Ikatwe katikati, pawekwe kipande cha chuma cha ndani kinachounganisha pande mbili, ndipo pachomelewe na mtu anayejua. Swichi ya stendi na waya wake zitolewe kwanza. Mwenye stendi ya kati ajue hiyo nayo imekuwa ndefu: kuipandisha pikipiki juu yake sasa kunahitaji mgongo zaidi, na suluhisho rahisi ni kupandisha gurudumu la nyuma kwenye ubao kwanza.

## Safari ya majaribio

Anza kasi 20 hadi 30, uwanjani. Kata namba nane pande zote mbili. Pikipiki ilale kwa urahisi sawa kulia na kushoto. Funga breki ya mbele kwa nguvu, usikilize. Kisha barabara ya kawaida, kasi 60, kabla ya kufika kasi kubwa.

Ikiyumba usukani kwenye mwendo mkubwa, mbele imeshuka kupita nyuma: rudisha mabomba milimita 5 chini. Ikikataa kona, kinyume chake. Ikigonga "tak" moja kila unapoongeza mafuta baada ya kupunguza, angalia cheni kwanza, halafu mistari ya rangi kwenye nati za linki.

Usiku uleule, simama mita 5 kutoka ukutani ukiwa umekaa kwenye siti. Kitovu cha mwanga mdogo kiwe karibu sentimita 5 chini ya kimo cha taa.

Baada ya kilomita 100 hivi, rudisha spana ya toki kwenye kila bolti uliyogusa, nyuma na mbele. Linki na bolti za zamani zifungie kwenye mfuko zikiwa na mafuta kidogo, mnunuzi mrefu atakapokuja atazitaka.